Chemba ya Nne

Kijana aliifungua silinda ya rivolva kwa kidole gumba, akaelekeza mtutu chini, akachungulia chemba zote sita za risasi kwa mwanga wa dirishani. Tupu. Akairudisha taratibu kwa mikono miwili, bila kuibamiza kama wafanyavyo kwenye sinema. Nikasema moyoni, huyu amelishika somo.

Tulikuwa jikoni kwangu hapa Minnesota, vikombe vya chai ya tangawizi pembeni, theluji ya Februari ikizidi kulifunika gari lake nje. Mezani, juu ya taulo kuukuu, ilikuwapo Smith & Wesson Model 17-2, ya risasi za .22, mtutu wa inchi 6, iliyotoka kiwandani Springfield, Massachusetts, katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa ameitamani tangu Novemba, siku nilipompeleka uwanja wa shabaha kwa mara ya kwanza.

Akaikoki nyundo, yaani akaivuta nyuma hadi ikakaa, polepole, chemba baada ya chemba, sikio karibu. Zote sita zilijifunga vizuri.

Kisha akaniuliza, "Mzee, hii iko sawa kabisa?"

"Nimekaa nayo miaka tisa," nikamjibu. "Inapiga vizuri sana."

Sentensi zote mbili zilikuwa za kweli.

Chemba ya nne sikuitaja.

## Za mtumba

Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga haachi kuniuliza: "Na yale mabastola bado unayo?" Kwake bastola ina watu wawili tu, askari na jambazi, na mwanawe si huyu wala yule. Simlaumu. Ngamiani nilikokulia, silaha niliyoikaribia zaidi ilikuwa ya mlinzi wa benki, naye alitufukuza. Huwa namweleza kwamba hizi zangu zilitengenezwa ili zitoboe karatasi. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza watoto wamekula nini.

Lakini ndivyo zilivyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Smith & Wesson walitoa ndugu watatu wa fremu moja: K-22, K-32 na K-38, wote wakiitwa Masterpiece. Mlengaji wa enzi zile alishindana kwa kalibre, yaani upana wa risasi, zaidi ya moja siku hiyohiyo, na mkono uliozoea uzito mmoja huyumba ukipewa mwingine. Kwa hiyo kiwanda kilipunguza hapa na kuongeza pale kwenye ule ukanda wa chuma unaopita juu ya mtutu, ili zote tatu, zikishatiwa risasi, ziwe na uzito mmoja: wakia 38 na nusu, zaidi kidogo ya kilo.

Nilipolielewa jambo hilo ndipo nilipoanza kukusanya. Kwamba kuna mtu alikaa akaufikiria mkono wa mtu mwingine asiyemjua, akaupimia.

Mashindano yenyewe, yale Wamarekani wanayoyaita Bullseye, ni ya mkono mmoja. Mwingine unautia mfukoni. Yadi 50, risasi 10 ndani ya dakika 10. Halafu yadi 25, risasi 5 kwa sekunde 20, na mwisho risasi 5 kwa sekunde 10. Fikiria sekunde 10 na rivolva: ukoki kwa kidole gumba, ukirudishe kilengeo kwenye duara jeusi, uikamue triga bila kuishtua, na urudie mara tano kabla filimbi haijalia. Bastola zinazojikoki zenyewe zilipokamilika, rivolva zilisukumwa nje ya mstari. Zikarudi kabatini. Wenyewe wakazeeka, wakafa, watoto wao wakazipeleka dukani.

Huko ndiko ninakozikuta.

Mpya sizitaki. Zinapiga, sikatai, ila nyingi zina kile kitundu cha kufuli ubavuni ambacho jicho langu limekataa kukizoea. Na mpya haina la kusomwa. Ya mtumba inasomeka. Iliyokuwa ya askari utaijua kwa mdomo wa mtutu na kingo za silinda, zimechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi. Ya mlengaji ililala sandukuni, kwa hiyo mdomo wake bado mweusi, lakini mgongo wa mpini umekwanguka hadi chuma cheupe, na pale gumba linapokokia, mikwaruzo ya nyundo imelainika kama ngazi za msikiti wa zamani. Nyingine bado zina masizi kwenye kilengeo cha mbele. Wazee walikifukiza kwa moshi wa taa ya kabaidi ili kisimeremete juani. Mimi masizi hayo siyafuti.

## Skrubu tano

Ili nieleze kilichonitokea Februari lazima nianzie Julai mwaka jana.

Niliiona K-38 kwenye mnada wa mtandaoni, nikahesabu skrubu kwenye picha. Tano. Skrubu ya juu ya bamba la ubavuni iliondolewa mwaka 1955, na ile ya mbele ya kinga ya triga ikaondolewa mwaka 1961, kwa hiyo yenye zote tano ni ya kabla ya mabadiliko hayo. Namba ya modeli haikuwa nayo popote, maana namba za modeli zilianza mwaka 1957, K-38 ilipoitwa Model 14. Rangi yake ilikuwa nyeusi yenye bluu kwa ndani, kama bahari ya Tanga jua likishazama. Mwuzaji aliandika kwamba silinda yake inafunga kama mlango wa sefu ya benki.

Nikaamini. Dola 870.

Ilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya usiku ule ni kufungua mbao za mpini kwa bisibisi, kwa sababu ndani ya ubao wa kulia huwa imepigwa namba ya fremu, na namba zikilingana unajua mbao na chuma vilitoka kiwandani pamoja. Zililingana. Nilimwamsha mke wangu nimwoneshe.

Kipimo kilichopaswa kuwa cha kwanza nikakifanya mwisho.

Ni kipimo rahisi. Unahakikisha chemba tupu, unahakikisha tena, kisha unakoki nyundo polepole sana huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kuilemea kidogo. Nyundo inapofika mwisho na kukaa, silinda iwe tayari imeshajifunga. Ukikoki kwa kasi, silinda hubebwa na mwendo wake hadi mahali pake, hata kama sehemu za ndani zimelika. Ukikoki polepole, hakuna wa kuibeba. Chemba nne zilifunga. Mbili, nyundo ilikaa lakini silinda ilibakiza unywele. Niliigusa kwa ncha ya kidole.

Tk.

Ndipo ikafunga. Unywele ule ndio unaotenganisha risasi inayoingia mtutuni ikiwa katikati na risasi inayokwaruzwa ukingoni.

Nilikaa pale mezani muda mrefu. Kosa halikuwa kuikosa kasoro kwenye picha, maana picha haikoki nyundo. Kosa ni kwamba ilikuwa mkononi mwangu saa nzima na mimi nikifurahia rangi, skrubu na namba. Nilikuwa nimeanza na macho.

## Siku tatu

Mnada uliruhusu siku tatu za kuikagua na kuirudisha.

Nilimwandikia mwuzaji. Alijibu kwa adabu kwamba yeye hukoki kawaida tu na hajawahi kuona tatizo. Siku mbili nilikuwa na hasira. Nilimwita mwizi mbele ya mke wangu, neno ambalo kwetu halitamkwi hivihivi.

Siku ya tatu niliipeleka uwanjani, nikaikokia kwa mwendo wa kawaida. Niliegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, yadi 25, risasi za kichwa bapa zenye uzito wa greni 148. Risasi hizi hazichani karatasi. Zinaikata duara safi kama mashine ya kutoboa makaratasi ofisini. Nilipiga sita. Nilipoileta karatasi karibu, kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani, kingetosha kuyafunika matundu yote.

Nikaamua kubaki nayo.

Fundi alikitoa kile kipande kidogo cha ndani kinachoisukuma silinda, mafundi hukiita mkono, akaweka kingine kinene kidogo na kukisugua kwa tupa hadi kikaa sawa. Dola 95. Kipande cha zamani nimekitia kwenye kifuko pamoja na karatasi inayoeleza kilichofanyika, na vitakwenda nayo popote itakapokwenda. Wapo wakusanyaji watakaosema nimeichafua. Kupaka rangi upya sikubali hata kwa dawa, kwa sababu kunafuta alama za mikono ya waliotangulia. Lakini rivolva ya shabaha isiyofunga ni saa isiyotembea, na saa isiyotembea inapelekwa kwa fundi.

Bastola nikaipenda. Mwuzaji sikumsamehe. Miezi yote iliyofuata kisa hiki nilikisimulia kila nilipopata wa kunisikiliza, na kila mara yule bwana alizidi kuwa mbaya. Novemba nilimsimulia kijana huyu, ndani ya gari, tukitoka uwanjani. Nilimwambia: usiuamini mdomo wa mwuzaji, amini gumba lako.

Ndiyo maana Februari, jikoni kwangu, alikoki polepole hivyo.

## Mazoea

Risasi ya .22 haigongwi katikati. Pini hugonga ukingo wa kitako cha ganda. Kwa hiyo mtu akiifyatua rivolva ya aina hii ikiwa tupu, katika baadhi ya bastola pini hukosa ganda la kugonga na kugonga ukingo wa chemba yenyewe. Ikirudiwa rudiwa, chuma hubonyea na kutokeza kijino ndani ya chemba. Ganda linaingia kwa kusukumwa, na likishapigwa linang'ang'ania.

Mtu fulani, kabla yangu, aliifanyia hivyo Model 17 hii. Nadhani alikuwa akifanya mazoezi sebuleni; kwa nini chemba moja tu iliumia, sijui. Niliipata na kijino chake miaka tisa iliyopita, kwenye chemba ninayoiita ya nne kwa kuhesabu kutoka kwenye alama ndogo niliyoichora kwa penseli nyeupe. Nilijiahidi kuipeleka kwa fundi.

Sikuipeleka, kwa sababu haikunisumbua. Mfululizo wa mashindano ni wa risasi tano, na silinda ina chemba sita. Nilijaza tano, ya nne nikaiacha tupu. Mwezi wa kwanza nilifanya hivyo kwa makusudi. Mwaka wa pili vidole vilifanya vyenyewe.

Hii ndiyo sehemu iliyonisumbua majuma yote haya. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Ungekuwa utetezi mzuri, na kwa sehemu ungekuwa kweli, maana kasoro uliyoizoea hupotea machoni kama ufa wa ukutani nyumbani kwako. Lakini nilipomwona akichungulia chemba dirishani nilikumbuka. Nilikumbuka waziwazi, moyo ukanidunda, nikaangalia kama atakaza jicho pale. Hakukaza. Nami sikuwa nimemfundisha kutazama ukingo wa chemba, kwa kuwa K-38 iliyonipa somo ni ya risasi zinazogongwa katikati, na somo langu lote lilikuwa la silinda.

Alinunua kwa elimu niliyompa mimi, akaanguka kwenye shimo nililoliacha mimi.

Yule bwana wa K-38 huenda kweli hakujua. Hukoki kwa kasi, silinda inafunga, atajuaje? Nilimwita mwizi. Mimi nilijua.

## Makaratasi

Kesho yake tulikwenda kwa mwuza silaha mwenye leseni kukamilisha. Kijana ana kadi ya ukaazi wa kudumu, na kibali cha kununua bastola alishakichukua kwa sherifu wa kaunti yake. Nalitaja hili kwa sababu huwa naulizwa na wageni: mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida sheria ya Marekani haimruhusu, na si jambo la kujaribu bahati. Alijaza fomu 4473, ile ya serikali ya mnunuzi wa silaha, swali baada ya swali, kwa mwandiko wa mtu anayefanya mtihani. Wakaikagua rekodi yake kwa simu. Akakabidhiwa. Alinilipa dola 800 kwa noti za ishirini ishirini, nikajua zilivyopatikana. Anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee.

Pale nje alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyosalimia watu wazima kwao Eldoret. "Asante mzee. Kwa mtu mwingine ningeogopa. Kwako nilijua niko nyumbani."

Nilirudi nikafungua daftari langu. Nina leseni ya mkusanyaji wa silaha kongwe, zile zilizotimiza miaka 50, na sheria inanitaka niandike kila inayoingia na kila inayotoka. Tarehe, kiwanda, modeli, namba, kalibre, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani. Niliijaza mistari yote kwa kalamu ya wino.

Hakuna mstari unaouliza kasoro.

## Nilivyojitetea

Nilijitetea kwa njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya soko la mitumba. Nimekulia humo. Belo likifunguliwa, mnunuzi ananyanyua suruali juani, anavuta zipu, anaingiza mkono mfukoni kutafuta tundu. Ukishalipa na kuondoka, hakuna kurudisha, na hakuna anayemwona mwuzaji mkosaji. Macho ni yako. Nikajiambia kijana amekagua, amekubali, bei haikuwa mbaya. Kasoro yenyewe ni ndogo.

Utetezi huu ulidumu kama siku nne. Ulivunjika nilipojiuliza swali dogo: yule mwenye belo anazijua suruali zake? Hazijui. Amelinunua limefungwa, anafungua mbele yako, mnatafuta tundu pamoja. Mimi belo langu nililifungua miaka tisa iliyopita.

Ya pili ilikuwa kwamba angeniuliza ningemwambia. Hii ilinitesa zaidi, kwa sababu aliniuliza. "Iko sawa kabisa?" Alitumia neno kabisa. Nami nikamjibu kuhusu miaka tisa na kuhusu kupiga vizuri, nikalizunguka swali lake kama mtu anayezunguka dimbwi.

Madrasa tulifundishwa kisa cha mfanyabiashara wa nafaka. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua imelowesha. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Nilikuwa na miaka minane nilipokisikia, na kilichonikaa ni mkono ule ukiingia kwenye rundo. Sikuwahi kufikiria yule mwenye nafaka alijisikiaje. Safari hii nilimfikiria usiku kucha. Nadhani alikuwa mtu wa kawaida. Nadhani nafaka ya juu ilikuwa nzuri kweli.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Sikuwa na shida ya zile dola 800. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aipende kama ninavyoipenda mimi. Nilitaka aichukue na uso ule aliokuwa nao dirishani, na nilihofia nikitaja kijino uso utabadilika. Niliulinda uso wake kwa hasara yake.

## Simu

Ilikuwa Machi, juma la nne. Alinitumia picha ya karatasi ya shabaha, matundu yamesambaa, na ujumbe: "Bado najifunza mzee. Ila kuna ganda moja hukwama. Labda nanunua risasi mbaya?"

Alidhani kosa ni lake.

Nilipiga simu hapohapo, kabla sijapata muda wa kupanga maneno. Nilimwambia si risasi. Nikamweleza kijino, chemba ya nne, penseli nyeupe, miaka tisa. Nikamwambia nilijua siku ile jikoni. Hakusema kitu. Nikasikia kwa nyuma televisheni ya nyumba ya wazee.

"Ulijua nikiangalia pale dirishani?"

"Nilijua."

"Na ile hadithi ya yule mtu wa K-38?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia achague. Arudishe, twende tena dukani tuandikishane upya, nimpe dola zake zote. Au abaki nayo, kazi ya fundi nilipe mimi. Kuna kifaa cha kukibana kijino kirudi mahali pake, si kazi kubwa, na chemba inakuwa nzima.

"Nitafikiria," akasema. Akakata simu bila kuniaga.

Siku kumi hakunipigia. Sikumpigia. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, nikamweleza yote, naye akasema, "Si ulimwita yule mzungu mwizi?" Akaendelea kukunja nguo.

Siku hizo kumi sikufungua kabati la chuma. Nilikuwa na K-38 mle ndani, namba zake zimelingana, kifuko chake kimebandikwa maelezo ya kila kilichobadilishwa. Nilijivunia sana kifuko kile. Nilikitengeneza kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, atakayeinunua mimi nikishakufa. Yule aliyekaa mbele yangu anakunywa chai sikumwandikia chochote.

Nilimwandikia hatimaye yule bwana wa mnada. Mistari mitatu. Kwamba bastola imetengemaa, inapiga vizuri, na kwamba nilimdhania vibaya. Alijibu siku hiyohiyo kwamba anafurahi imepata mtu wa kuipiga, kwa kuwa ilikuwa ya baba mkwe wake na yeye macho yake hayaoni tena kilengeo.

## Jumamosi

Alikuja Jumamosi ya pili ya Aprili, theluji imeyeyuka, barabara zote matope. Alikuwa na sanduku mkononi. Nikajua anarudisha, nikawa nimeshaitoa bahasha ya pesa.

"Weka pesa yako," akasema. Hakukaa. "Ungeniambia tu, mzee. Si ningeinunua tu?"

"Niliogopa."

"Mimi ndio ningeogopa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nilimweleza kuhusu uso wake pale dirishani. Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Akasema pesa ya fundi nitalipa, na si nusu. Nikakubali. Akasema ameshampigia fundi yeye mwenyewe, nafasi ipo Jumanne. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaomba chai.

Mchana tulikwenda uwanjani. Safari nzima hatukuongea sana. Pale kwenye meza ya mstari aliifungua silinda, akaigeuza hadi akaiona ile alama ya penseli, ambayo sasa imebaki kidogo tu. Akatia risasi moja, ya pili, ya tatu. Akairuka moja. Akatia mbili za mwisho.

Nilimwuliza kwa nini, wakati Jumanne inatengenezwa.

"Si ndivyo ulivyokuwa unaipiga wewe?"

Akavaa vizibo vya masikio, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akanyanyua wa kulia.